Rafiki Mwenye Ruhusa ya Kuondoka

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Waombaji wa kazi wamekaa kwenye korido ya jumba la kifahari jijini Paris, wakiitwa ndani mmoja mmoja. Huyu ana vyeti, yule ana uzoefu, mwingine anajinadi kwamba amewapenda watu wenye ulemavu tangu akiwa mdogo. Kisha anaingia kijana aliyetoka jela siku si nyingi, hana cheti wala subira. Haombi kazi. Anataka asainiwe karatasi kwamba ameomba akakataliwa, aipeleke kwenye ofisi inayolipa posho ya wasio na ajira. Mwenye nyumba, tajiri aliyepooza kuanzia shingoni hadi unyayoni, anamwambia arudi kesho yake asubuhi. Aliyefuata kukataliwa ndiye aliyepata kazi.

Ndivyo wanavyokutana Philippe na Driss katika Intouchables, filamu ya Kifaransa ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Olivier Nakache na Éric Toledano. Ufaransa peke yake iliuza zaidi ya tiketi milioni 19. Omar Sy, mtoto wa wazazi waliotoka Senegal na Mauritania, alimwigiza Driss na mwaka 2012 akatwaa tuzo ya César ya mwigizaji bora wa kiume, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Wamarekani waliirudia kwa jina la The Upside wakiwatumia Kevin Hart na Bryan Cranston. India wakaifanya kwa Kitelugu na Kitamil, Argentina nao wakaipiga ya kwao.

Wengi wakiisimulia husema siri yake ni kwamba Driss hana huruma. Anampa Philippe simu aipokee, amesahau kabisa kwamba mikono ya mwenzake haifanyi kazi. Anamtania, anambishia kuhusu muziki na picha za kuchora, anataka kiti chake cha magurudumu kiongezwe mwendo. Jamaa wa Philippe anapomwonya kuhusu kijana huyo, Philippe anajibu kwamba hicho hasa ndicho anachokitaka: mtu asiyemhurumia.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila ni nusu. Wako watu chungu nzima wasio na huruma, na hakuna anayetamani urafiki wao. Kilichouwezesha urafiki ule ni jambo ambalo watazamaji huliruka: Driss analipwa, na mlango uko wazi. Akichoka anaweza kuondoka. Philippe naye akichoshwa anaweza kumwachisha kazi. Kwa hiyo kila asubuhi wanapokutana, kila mmoja ameridhia upya. Ukiiondoa ruhusa hiyo, kinachobaki kinaweza kuwa upendo, kinaweza kuwa wajibu, kinaweza hata kuwa utakatifu. Urafiki ni habari nyingine.

Watu wa kweli nyuma ya filamu

Philippe wa kweli aliitwa Philippe Pozzo di Borgo, mkurugenzi katika kampuni ya mvinyo wa champagne ya Pommery. Mwaka 1993 alianguka milimani akiruka kwa mwavuli, akapooza. Miaka mitatu baadaye mkewe Béatrice akafariki kwa saratani. Msaidizi wake, Abdel Sellou, alizaliwa Algeria akalelewa Paris na mjomba na shangazi, malezi ambayo familia nyingi za kwetu zinayajua vizuri. Alimhudumia Pozzo kwa takriban miaka kumi.

Waongozaji walipomfuata kutaka kutengeneza filamu, Pozzo alitaka iwe ya kuchekesha, na sehemu ya mapato iende kwa chama cha Simon de Cyrène, kinachoanzisha nyumba ambamo watu wenye ulemavu na wasio na ulemavu huishi pamoja. Hakutaka kuliliwa.

Mwisho wa habari yao una uzito kuliko mwisho wa filamu. Sellou aliondoka. Alioa, akapata watoto, akafuga kuku Algeria. Pozzo alioa tena, akahamia Morocco na kufariki huko Juni 2023. Uhusiano wa kazi ulikwisha miaka mingi kabla ya hapo, lakini wakabaki marafiki. Huwezi kuujua uzito wa urafiki wa namna hiyo mpaka siku mmoja wao asipolazimika tena kuja, akaja.

Filamu ilipigwa mawe pia. Baadhi ya wakosoaji wa Marekani walilalamika kwamba mtu mweusi amefanywa tena mtumishi wa kumchangamsha mzungu tajiri. Walikuwa na hoja, hasa kwa kuwa Mwarabu wa Algeria alibadilishwa akawa kijana wa Senegal. Ila wakosoaji hao walimtazama tajiri na maskini, wakasahau kutazama mkataba. Mtumishi wa kweli, yule wa zama za ukoloni, hakuwa na ruhusa ya kuondoka.

Tuihamishie Njiro

Tuichukue sasa hadithi hii tuipandishe Engutoto, hapa Arusha. Nyumba ipo: Njiro kuna majumba yenye ukuta, geti la umeme na bustani inayoutazama Mlima Meru asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Driss naye yupo. Atatokea Unga Limited au Sombetini kwa kifodi, daladala ya Arusha, ateremke kwenye vumbi, atembee. Mwenye nyumba tumpe ajali ya gari, maana barabara zetu hazina uchoyo wa ajali.

Hadithi inakwama hapo hapo. Hapa hakuna usaili. Kuna kikao cha ukoo. Mjomba atatoka Moshi, shangazi atatoka Karatu, watakaa sebuleni wakinywa chai huku mgonjwa akiwa chumbani, na mwisho itaamuliwa kwamba kijijini kuna binti aliyemaliza kidato cha nne, hana pa kwenda, aletwe amsaidie baba yake mdogo. Ataahidiwa cherehani. Mgonjwa hakuulizwa anamtaka nani, na binti hakuulizwa kama anataka. Kila aliyeketi pale ana nia njema, na nia hiyo njema ndiyo iliyoziba njia ya urafiki kabla haujaanza.

Enzi za mabanda ya video, msimuliaji alikuwa akikaa mbele na kipaza sauti, anaigeuza filamu ya kigeni kuwa ya Kiswahili huku akiongeza ya kwake. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijijengea jina kubwa nchini kwa kazi hiyo. Msimuliaji wa aina yake akipewa Intouchables aisimulie kwa watazamaji wa Kijenge, hawezi kuipita dakika ya kumi kabla hajauliza wanachojiuliza wote: "Huyu chalii analipwa shilingi ngapi?"

Ni swali zuri kuliko mengi yaliyoandikwa na wahakiki. Amri ya mshahara iliyoanza kutumika nchini Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Makundi ya amri ile yalifuata aina ya mwajiri na mahali mfanyakazi anapolala. Anayeosha vyombo na anayemgeuza mtu mzima kitandani usiku kucha waliangukia fungu moja.

Na kazi yenyewe si ya kubahatisha. Mtu aliyepooza asipogeuzwa kila baada ya saa chache hupata vidonda vya kulalia, na vidonda hivyo vinaweza kumuua. Mpira wa mkojo usipotunzwa kwa usafi huleta maambukizi yanayofika hadi kwenye figo. Kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti kuna namna yake. Ukikosea unaumia mgongo wewe au unamwangusha yeye. Driss anagoma kumvalisha mwajiri wake soksi za kubana, kisha anajifunza kimoja baada ya kingine. Binti wa kidato cha nne atajifunzia wapi?

Mama asiye na zamu

Familia yenye ukuta Njiro si ya kawaida. Iliyo ya kawaida iko kwenye nyumba za kupanga, chumba na sebule kwa waliojaliwa, choo cha pamoja uani. Anayehudumia ni mama, anayehudumiwa ni mwanawe, na kiti cha magurudumu kama kipo hakivuki mtaro wa maji ya mvua unaotenganisha nyumba na barabara. Mtoto alibebwa mgongoni akiwa na miaka miwili, akabebwa akiwa na sita, na akifika kumi na mbili mama anambeba bado, ila sasa anapumzika njiani. Biashara yake ni ile inayoweza kufanyikia mlangoni: mandazi, mchicha, mkaa wa kupima.

Majirani hawamtupi. Wanampa pole, wanamwita mama jasiri, wanamwombea ibadani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa maneno hayo yanatimia kwa kila anayempa pole akaendelea na safari yake. Methali inayotajwa zaidi, hata hivyo, ni hujafa hujaumbika. Inatufunza tusicheke, na hilo ni jema. Lakini sikiliza inavyosemwa mtaani: mtoto anapita, mtu mzima anaitamka huku akijishika kifua. Anayeangaliwa ni mtoto, anayefikiriwa ni msemaji. Mtoto amekuwa onyo kwa wengine, na onyo halichezwi nalo mpira.

Mama huyu anampenda mwanawe kuliko tutakavyoweza kuandika. Ila hawezi kuondoka, hata kwa saa tatu za kwenda saluni. Mtoto naye hawezi kumwambia mama kwamba leo anataka kuvalishwa na mtu mwingine. Mtoto wa jirani mwenye umri wake ana mama, ana marafiki wa shule, ana mwalimu anayemchukia na fundi baiskeli anayempenda. Huyu ana mama tu, na mama amegeuzwa kuwa dunia nzima. Hakuna binadamu anayeweza kuwa dunia nzima ya mwenzake bila kuchoka, na uchovu wake hauna pa kusemewa.

Maji ya mlima mmoja

Ukanda huu una jambo linaloitofautisha habari yake na ya Paris. Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba na majivu yake hubeba madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu kiwango kikubwa kuliko hicho, kwa sababu sehemu nyingine hayakuwepo maji mengine ya kunywa, kabla ya kukishusha. Ngare Nanyuki, Oldonyosambu, Maji ya Chai: huko watu wanaijua floridi kwa kuiona kwenye meno ya kahawia na, kwa watoto waliokunywa maji yenye kiwango kikubwa, kwenye miguu. Mifupa inayokua hupinda, magoti yakagongana au yakaachana kwa matege makubwa.

Kituo cha Ngurdoto kimefanya utafiti wa kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Jiji nalo limepata mradi mkubwa wa maji, ule wa takriban shilingi bilioni 520, ambao pamoja na kuongeza maji ulilenga kupunguza floridi. Mtoto aliyepinda miguu Arumeru, basi, hakupatwa na laana wala na siri ya Mungu. Alikunywa maji yale yale waliyokunywa jirani zake. Tofauti kati yake na anayemsaidia kuvuka barabara inaweza kuwa ni kisima na miaka.

Baadhi ya watoto hao hunyooshwa miguu kwa upasuaji. Hapa Arusha, The Plaster House, iliyoanza mwaka 2008, huwapokea watoto kabla na baada ya upasuaji wa mifupa, wa makovu ya moto na wa midomo iliyopasuka. Wapo wanaokaa wiki, wapo wanaokaa miezi, maana kumrudisha mtoto kijijini na plasta ambayo hakuna wa kuitunza ni kuupoteza upasuaji wote. Humo mtoto ambaye kijijini kwao alikuwa peke yake anajikuta kati ya wenzake waliofungwa plasta kama yeye. Pa kutoa pole hapapo, kwa kuwa kila mmoja anahusika. Kinachobaki ni kuchagua wa kucheza naye na wa kugombana naye, haki ambayo watoto wengine huzaliwa nayo.

Kamba yenye ncha mbili

Mfano bora wa urafiki ninaouzungumzia hautoki Paris. Uko ng'ambo ya mpaka wa Namanga, Kikuyu, nchini Kenya. Henry Wanyoike, aliyezaliwa mwaka 1974, alikuwa mkimbiaji mwenye matumaini hadi usiku mmoja wa mwaka 1995 alipopata kiharusi, na asubuhi akaamka karibu kipofu kabisa. Alirudi mbioni akikimbia na mwongozaji, wameshikana kwa kamba fupi.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000, kwenye mbio za mita 5,000, mwongozaji wake aliishiwa nguvu kabla ya kumaliza. Wanyoike, asiyeona, alimvuta mwenye macho hadi mstarini akachukua dhahabu. Tatizo lilikuwa wazi: alikuwa na kasi kuliko waongozaji. Aliyejitokeza ni rafiki yake wa utotoni, Joseph Kibunja, ambaye alilazimika kufanya mazoezi kwa muda mrefu ili tu aweze kwenda sambamba na mtu anayedhaniwa kuwa ndiye wa kusaidiwa. Athens mwaka 2004 wawili hao walirudi na dhahabu mbili, za mita 5,000 na 10,000. Filamu ya hali halisi iitwayo Gold, ya mwaka 2013, inamfuatilia Wanyoike pamoja na wanamichezo wengine wawili, Mjerumani na Mwaustralia.

Kanuni za mbio hizo zinasema mwongozaji asitangulie kuvuka mstari. Anaona njia, anaijua saa, ana pumzi, lakini ushindi si wake wa kutangulia nao. Kanuni hiyo ingeandikwa kwenye kila sebule ya kikao cha ukoo: anayesaidia haamui mwendo. Na kamba ile haifungi. Kibunja akiiachia, mbio zimekwisha. Wanyoike akiiachia, zimekwisha vilevile.

Pesa inavyofungua mlango

Wapo watakaosema kuingiza pesa kwenye mambo ya huruma ni kuyachafua. Watembelee karakana ya Shanga, kwenye Arusha Coffee Lodge, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Dodoma. Mafundi wenye ulemavu, wakiwemo viziwi wengi, wanayeyusha chupa zilizotupwa na kutengeneza bilauri na shanga, na wengine wanafuma vitambaa. Mgeni anayefika hapo hujikuta akijifunza kusalimia kwa lugha ya alama, kwa sababu yeye ndiye asiyejua lugha ya nyumba. Fundi ana mshahara, na mwenye mshahara anaweza kumnunulia rafiki yake soda. Mtu asiyeweza kumpa mwenzake chochote atapokea hadi lini kabla hajaona aibu kupokea?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na mbili kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Ni hatua. Lakini mkopo ni wa biashara, na ajira ni ya aliyeweza kufika kazini. Kwa anayehitaji mikono ya mtu mwingine ili atoke kitandani, hatua ya kwanza ni kumlipa mwenye mikono hiyo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Si wote wanaohitaji msaidizi, lakini kila anayemhitaji ana nyumba nzima nyuma yake inayojipanga upya.

Kamera iko wapi?

Arusha si mgeni wa kamera. Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa maeneo haya, John Wayne akifukuza faru na twiga. Wanyama walipewa nafasi kubwa; wenyeji walisimama pembeni. Sinema yetu wenyewe, kwa upande wake, imezoea kumleta mtu mwenye ulemavu kama adhabu ya dhambi ya mtu mwingine, kama kazi ya mchawi, au kama mtihani utakaoisha kwa muujiza dakika za mwisho. Akipona, filamu imekwisha, kana kwamba asiyepona hana hadithi.

Imewahi kufanyika vizuri zaidi karibu na hapa. White Shadow ya mwaka 2013, iliyopigwa Tanzania na Noaz Deshe, ilimpa Hamisi Bazili, kijana mwenye ualbino, nafasi ya mhusika mkuu, na ikashinda tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji kwenye tamasha la Venice. Supa Modo ya Likarion Wainaina, kutoka Kenya mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, anayeota kuwa shujaa wa filamu. Mama anataka apumzike nyumbani. Dada yake anataka kijiji kizima kishirikiane kumpa ndoto yake. Wote wawili wanampenda, na ugomvi wao ni ule ninaoujadili hapa: nani ana haki ya kuamua siku za mtoto zitumike vipi?

Filamu ya Engutoto bado haijatengenezwa. Atakayeiandika asihangaike kutafuta tajiri wala mwavuli wa kuangukia milimani. Achukue chumba na sebule, mama na mwana, kisha amlete mtu wa tatu: dereva wa bodaboda, kwa mfano, aliyekodiwa kumpeleka kijana kliniki mara mbili kwa mwezi, anayelipwa, anayechelewa, anayetukanwa kwa kuchelewa. Siku moja kijana amwambie wasiende kliniki, waende uwanjani. Hapo mama atakasirika, dereva atasitasita, na watazamaji watakuwa wameuona urafiki ukizaliwa.

Nje ya filamu, mama huyo hahitaji kungoja mwongozaji. Arusha ina vikoba kila mtaa na jumuiya kila kona, na hakuna anayezishinda kwa kupanga zamu. Msiba ukitokea alfajiri, kabla ya saa nne sufuria zimefika na wapishi wanajulikana. Kikoba kinachoweza hayo kinaweza kupanga Jumamosi moja kwa mwezi, jirani aliyefundishwa na muuguzi wa zahanati akae na mtoto, alipwe kidogo kutoka kwenye mfuko wa jamii wa kikundi, mama aende anakotaka. Jioni mama akirudi, atakuwa amerudi kwa hiari yake. Na jirani zamu ikimchosha, aseme, apangwe mwingine. Ruhusa hiyo nayo iandikwe kwenye katiba ya kikundi.